Ukiweza kuishi popote, pima kwanza Jumanne ya huko

Hebu tucheze mchezo. Umeamka asubuhi, simu inakwambia hivi: kazi yako sasa utaifanyia popote duniani, nauli imelipwa, viza imetoka. Unahamia wapi?

Nimewauliza marafiki swali hili wiki nzima, kwenye matatu, kwa kinyozi, hata pale kwa jamaa wa smoki. Majibu yanafanana ajabu. Canada. Dubai. Diani. Mmoja alisema Iceland, na nilipomuuliza kwa nini akanionyesha video ya TikTok, watu wameketi kwenye maji moto nje huku theluji inaanguka. Hakuna hata mmoja aliyetaja kodi, maji, ama umbali wa kwenda kununua mkate. Wote walichagua picha.

Na usidhani ni ushamba wetu. Mwaka 1998 watafiti David Schkade na Daniel Kahneman (huyu wa pili alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002) waliwauliza wanafunzi wa vyuo Marekani wanaridhika vipi na maisha yao. Wengine walikuwa California kwenye jua na bahari, wengine majimbo ya katikati ambako baridi inauma kweli. Viwango vya kuridhika vilikuwa karibu sawa. Lakini walipoambiwa wakadirie maisha ya mtu wa upande ule mwingine, wote, hata wale wa kwenye baridi, walisema wa California lazima ana raha zaidi. Jua liliwadanganya. Ukiwa mbali unawaza hali ya hewa. Anayeishi huko, Jumanne saa nne asubuhi, anawaza mtihani, kodi na mpenzi ambaye hajajibu meseji.

Kwa hivyo mimi nimebadilisha swali. Siku hizi nauliza tu, Jumanne ya huko iko aje?

Tuanze na majuu, maana najua ndiko moyo wako uliko. Sikukatishi tamaa. Lakini ombi la viza ya Schengen pekee ni euro 90 tangu Juni 2024, na hizo unalipa wakikupa ama wakikunyima. Ukishafika, kuna vitu video haionyeshi. Hapa Nairobi jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kuzama karibu saa hiyo hiyo jioni, mwaka mzima, hadi hatulioni tena kama kitu. Helsinki mwezi wa Desemba linachomoza baada ya saa tatu asubuhi, na ikifika saa tisa na robo mchana limezama. Unaingia kazini giza, unatoka giza. Binamu yangu anatunza wazee huko Finland. Anasema baridi aliijua, makoti alinunua. Kilichompiga ni kumaliza wikendi nzima bila mtu kumwita jina. Hajuti, na hana mpango wa kurudi, kwa sababu ule mshahara unasomesha wadogo wake wawili. Hiyo ni hesabu halali kabisa. Ila mwenyewe anakiri alichagua mshahara, mji ukaja nyuma yake.

Sasa Pwani, ambako kila mtu wa Nairobi anaapa atahamia siku moja. Mwaka jana nilikaa Bamburi wiki tatu kwa rafiki, mimi na kompyuta yangu, kujaribu. Maji ya kisima pale yalikuwa ya chumvi, sabuni haitoi povu, kwa hivyo ya kunywa na ya chai tulinunua kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Ikifika saa saba mchana feni inapuliza hewa moto na ubongo umefunga duka. Nilijifunza kuamka saa kumi na moja alfajiri na kumaliza kazi kabla ya saa tano. Na bahari? Nilienda mara nne. Wiki tatu, mara nne! Bahari ikiwa hapo tu.

Lakini kuna kitu sikukitarajia. Siku ya tatu mama wa mahamri na mbaazi alishanijua. Siku ya sita nilichelewa, akamtuma mtoto aulize kama mgeni ni mgonjwa. Roysambu nina miaka mitatu, na jirani yangu wa mlango wa pili namjua kwa viatu vyake tu.

Hapo ndipo nilipoanza kuihesabu Nairobi vizuri. Mwanafizikia Mwitaliano, Cesare Marchetti, aliandika mwaka 1994 kwamba binadamu, tangu enzi za kutembea kwa miguu, hutumia takriban saa moja kwa siku kwenda na kurudi. Wewe wa Rongai unayepanda 125, ama wa Ngong unayepanda 111, cheka kidogo. Mvua ikinyesha, saa moja bado uko Lang'ata. Wachumi wawili, Bruno Frey na Alois Stutzer, walichunguza takwimu za Ujerumani wakakuta watu wenye safari ndefu ya kazini wanaridhika kidogo na maisha, na ule mshahara mzuri ama nyumba kubwa waliyoifuata mbali haikuwa inawafidia. Fikiria hilo kabla ya kuhamia kule nje ya mji eti kuna vyumba vikubwa na vigae.

Na bado siwezi kuitukana Nairobi. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, mtaa ndio ulionibeba. Jamaa wa saiba aliniachia mashine usiku, nikajifunzia kuandika hapo, hanidai. Wateja wangu wa kwanza nilikutana nao hapa hapa, uso kwa uso. Nikiugua saa nane usiku, nina watu wawili ambao watafika kabla ya nusu saa. Orodha yangu yote ya maji, kodi na nauli, hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu huwezi kulibeba kwenye pikapu.

Ninakotaka kwenda ni Nakuru. Najua, si Iceland. Ulikuwa unangoja kitu kikubwa. Lakini ni jiji tangu Desemba 2021, kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, kwa hivyo mteja akiniita naenda na kurudi siku hiyo hiyo. (Na kama shida yako ni London, Nakuru wana mtaa unaoitwa London, hauhitaji viza.) Bedsita niliyoonyeshwa Section 58 ni 5,500, yangu ya sasa ni 10,000, na mjini unatembea kwa miguu. Ubaya ninaujua pia. Maji ya visima Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ndiyo inayobadilisha rangi ya meno ya watoto wanaokua wakiyanywa, kwa hivyo ya kunywa nitanunua. Na huko sina mtu. Hata mmoja.

Akiba yangu ni 38,000. Nikilipa dipositi, kodi ya kwanza na pikapu ya kubeba vitu, zaidi ya nusu imeenda. Nikikosea, mwaka huu sihami tena. Landilodi naye anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, nibaki kwa 11,500 ama niondoke.

Basi nimepanga hivi. Mdogo wangu atakaa kwenye keja ya Roysambu tulipe nusu kwa nusu, mimi nichukue chumba Nakuru mwezi mmoja, na godoro, kompyuta na meko ya gesi peke yake. Mwezi una Jumanne nne. Kila moja nitaandika maji yalikuja saa ngapi, intaneti ilikatika mara ngapi, nauli ilikula pesa ngapi, na watu wangapi niliongea nao ambao hawakuwa wananiuzia kitu. Nimeshaulizia kuhusu mpira wa Jumapili jioni pale mtaani. Wanasema hawana beki wa kushoto.