Deni Limelipwa, Jina Limebaki Kitabuni

Tulipofika Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu na njia ya Njombe inapoanzia, tulidhani tutazungumza habari za viazi na maparachichi. Wenyeji wetu walitaka kuzungumza madeni.

Mama mmoja, mkulima wa viazi, alitueleza yaliyompata. Alikopa, akalipa mpaka senti ya mwisho, na stakabadhi anazo. Msimu uliofuata alikwenda Njombe kuomba fedha za mbegu, akaambiwa jina lake limo katika orodha ya wasiolipa. Yule mkopeshaji, ambaye hatumtaji, hakupeleka habari kwamba deni limekwisha. Mwaka ule mama yule alipanda nusu ya shamba.

Wanachama wengi hawajui kwamba orodha hiyo ipo. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2012 ziliruhusu makampuni yawekayo kumbukumbu za wakopaji, nayo mabenki huzitazama kabla ya kutoa fedha. Lakini kanuni hizo hizo zampa mtu haki ya kuiona taarifa yake na kuipinga ikiwa ina kosa. Yafaa aandike barua, aambatishe nakala za stakabadhi, na stakabadhi zenyewe abaki nazo. Maneno ya mdomo hayatoshi.

Wako pia wadai wa simu, wampigiao mjomba na shemeji ili kumfedhehesha mdaiwa. Huko Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya Shs. 2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba za watu na kuwapelekea vitisho. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Wazee wetu walisimuliwa jinsi Serikali ya Unguja ilivyotoa amri mwaka 1934 kuzuia mashamba ya mikarafuu yasichukuliwe kwa deni. Tulipowaeleza wenyeji habari hiyo, walicheka sana, wakasema kumbe karafuu na viazi ni ndugu.

Kabla ya kuondoka tulikaa na yule mama tukampangia stakabadhi zake kwa tarehe. Zilikuwa kumi na moja. Barua yake imekwisha pelekwa. Mpaka tunapoandika haya, jibu halijafika.