Rasilimali, Mtaji na Ubepari katika Somo la Uchumi

Mwanafunzi aanzaye somo la uchumi kwa Kiswahili hukutana mapema na maneno mawili, rasilimali na mtaji, ambayo wengi huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja. La kwanza lina asili ya Kiarabu, ra's mal, yaani kichwa cha mali: fedha anazoanzia mfanyabiashara. Maana hiyo imepanuka, na leo misitu na madini huitwa rasilimali hata kabla ya mtu kuvitia mkono. Mtaji (neno ambalo wachezaji wa bao nao wanalo kwa maana yao) umebaki karibu zaidi na biashara. Mchuuzi wa samaki atumiapo faida pamoja na fedha za kununulia mzigo wa kesho, watu husema amekula mtaji, wala hakuna asiyefahamu hasara yake.

Tatizo kubwa zaidi limo katika ubepari. Kiarabu kiliunda jina la mfumo huo kutokana na mtaji wenyewe. Kiswahili kililiunda kutokana na mtu, bepari, neno lenye asili ya Kihindi lililomaanisha mfanyabiashara tu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bepari alizidi kueleweka nchini Tanzania kuwa ni mnyonyaji. Hivyo mwanafunzi aweza kumwita mwenye kibanda bepari, na papo hapo asiutambue ubepari wa kampuni isiyo na mwenyewe anayeonekana. Afadhali mwalimu aanze na mchuuzi wa samaki, bepari amwachie majuma ya baadaye.