Tangi la usalama la mafuta

Tangi la usalama la mafuta ni tangi maalumu la petroli linalofungwa katika magari ya mashindano badala ya tangi lililokuja na gari kutoka kiwandani. Limetengenezwa ili gari likigonga au kupinduka, tangi lisipasuke kwa urahisi wala kumwaga petroli. Lisichanganywe na seli za hidrojeni zinazozalisha umeme wa kuendeshea gari: tangi hili huhifadhi mafuta tu.

Historia

Tarehe 24 Mei 1964 dereva Fireball Roberts aliungua vibaya katika mbio za World 600 huko Charlotte, Marekani, akafariki tarehe 2 Julai mwaka huohuo. Siku sita baada ya ajali hiyo, Eddie Sachs na Dave MacDonald walifariki katika ajali ya moto kwenye mbio za Indianapolis 500. Misiba hiyo iliharakisha matumizi ya matangi yenye mfuko wa mpira ndani. Wazo la kuweka tabaka za mpira katika tangi lilikuwa limeshatumika katika ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 matangi ya mfuko yalikuwa ya lazima pia katika Formula 1.

Leo hutumika katika aina nyingi za mashindano. Katika Safari Rally ya Kenya, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari ya madaraja ya juu hutumia matangi ya aina hii.

Muundo

Tangi huwa na sehemu kuu nne:

- Kasha la nje la chuma au alumini, linalozuia vitu vyenye ncha kali.
- Mfuko wa ndani wa kitambaa imara kilichopakwa mpira. Mfuko huu hujikunja na kunyumbulika unapogongwa, wakati bati lingechanika.
- Sponji yenye matundu, inayojaza mfuko. Huzuia petroli isiyumbe kwenye kona na hupunguza nguvu ya mlipuko. Huchukua sehemu ndogo tu ya nafasi ya mafuta.
- Bamba la juu lenye mdomo wa kujazia, mabomba ya mafuta na njia ya hewa. Njia ya hewa huwa na vali inayojifunga gari likipinduka.

Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari (FIA) limeweka viwango vya mifuko hiyo, kama FT3-1999 na FT5-1999. Kwa kanuni zake, mfuko hautumiki zaidi ya miaka 5 tangu ulipotengenezwa, isipokuwa mtengenezaji ameukagua na kuuthibitisha tena kwa muda usiozidi miaka 2.

Namna ya kubadilisha

Kwanza petroli yote hutolewa na tangi la zamani hufunguliwa. Tangi tupu bado ni hatari, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Kwa hiyo kazi ya kukata au kuchomelea haifanywi karibu nalo.

Tangi jipya hufungwa kwa mikanda ya chuma iliyoshikwa kwenye fremu, si kwenye bati jembamba la sakafu ya buti. Ukuta wa chuma usiopitisha moto hutenganisha buti na chumba cha dereva. Mabomba hupitishwa mbali na ekzosi, na njia ya hewa hutokea nje ya gari. Kasha na mdomo wa kujazia huunganishwa kwa waya na bodi ili umeme tuli usitoe cheche. Mwishoni mfumo wote hukaguliwa kama unavuja kabla injini haijawashwa.

Mahali pa kulifunga

Mahali ni jambo kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ford Pinto ya miaka ya 1970 ilikuwa na tangi nyuma ya ekseli, ambalo liliweza kutoboka gari likigongwa kwa nyuma. Mwaka 1978 kampuni iliita magari takriban milioni 1.5 ya Pinto na Mercury Bobcat ili yarekebishwe. Magari mengi ya kisasa yana tangi mbele ya ekseli ya nyuma. Kulitoa na kufunga jingine karibu na bampa kunaweza kuongeza hatari badala ya kuipunguza.

Mipaka yake

Baadhi ya matangi yanayouzwa kwa jina hili ni masanduku ya alumini yenye sponji bila mfuko. Hayo huzuia mafuta kuyumba, lakini hayana kinga ya mfuko. Sponji nayo huchakaa, hasa kwa mafuta yenye alkoholi, na vipande vyake huziba chujio.

Hata tangi bora hutegemea viungo vyake. Tarehe 29 Novemba 2020 huko Bahrain, gari la Formula 1 la Romain Grosjean liligonga kizuizi kwa kasi ya kilomita 192 kwa saa na kuwaka moto. Uchunguzi wa FIA ulionyesha kuwa kifuniko cha ukaguzi cha tangi kiling'oka na kiungo cha bomba la injini kikachanika kutoka kwenye mfuko. Dereva alitoka baada ya sekunde 27, akiwa ameungua mikono.