Mtoto Aliyependa Mashine

Ni mama gani kati yetu ambaye hajamkuta mtoto wake ameifungua redio ya baba, misumari na nyaya zimetapakaa sakafuni, naye ametulia kama fundi? Mara nyingi jibu letu huwa ni kofi. Mwezi huu tumtazame mtoto mmoja wa namna hiyo, na jinsi Mungu alivyomtumia mbali na kwao.

Alexander Mackay alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji, akatamani mwanawe naye awe mchungaji. Lakini kijana alipenda kushinda kwa mhunzi na kwa seremala. Alikuwa radhi kutembea maili kadhaa hadi stesheni ili aione injini ya treni kwa dakika chache tu, kisha arudi kwa miguu. Mama yake alifariki mwaka 1865, kijana akiwa bado hajatimiza miaka 16, akamwachia Biblia yake.

Mackay alisomea uhandisi Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani kufanya kazi ya kuchora michoro ya mashine. Angeweza kubaki huko na kuishi vizuri. Badala yake, mwaka 1876 alijiunga na kundi la watu wanane wa Church Missionary Society, wakaelekea Buganda. Mwaka 1877 alisimamia ufunguaji wa njia ya maili 230 kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mwaka huohuo wenzake wawili waliuawa kisiwani Ukerewe. Yeye alifika Buganda mwezi Novemba 1878.

Huko watu walimwita Mzungu wa Kazi. Alifua chuma, akakereza mbao, akachonga herufi kwa mkono wake ili achapishe vitabu vya kusomea. Mama yake Kabaka Mutesa alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyeombwa kutengeneza jeneza. Barazani alisoma Maandiko kwa Kiswahili, maana wapo waliokifahamu. Hakuwa malaika: alibishana vikali na mapadre Wakatoliki mbele ya Kabaka huyo.

Lakini ufundi una mpaka wake. Tarehe 31 Januari 1885, chini ya Kabaka Mwanga, vijana watatu Wakristo, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto. Mackay aliwaombea wasiuawe, asisikilizwe. Hakuna mashine iliyoweza kuwaokoa wanafunzi wake. Hata hivyo hakufunga karakana akarudi kwao. Aliendelea kufundisha na kuchapa, hata alipolazimika kuondoka Buganda mwaka 1887 na kuhamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Mackay hakuoa. Kwa miaka 14 hakuiona tena nchi yake. Alifariki Usambiro tarehe 8 Februari 1890 kwa homa, akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Akina mama wapendwa, tunajifunza nini? Kwanza, mkono wa ufundi ni kipawa cha Mungu. Tusome Kutoka 31 juu ya Bezaleli, aliyejazwa Roho kwa ajili ya kazi ya dhahabu, mawe na mbao. Basi tumpe mtoto redio mbovu aifungue, na tumwonyeshe ipi asiiguse.

Pili, kipawa pekee hakitoshi. Mwana wetu akienda mbali kwa ajili ya ufundi wake, iwe Nairobi au Ulaya, hatutakuwepo siku atakapovunjika moyo. Alichokipokea nyumbani ndicho atakachokishika. Je, tunamwekea nini leo, angali bado mezani petu?