Mabaraza ya wanafunzi yakisikizwa, shule hutulia

KATIKA shule nyingi za upili humu nchini, zikiwemo za Kitale na Bungoma, wanafunzi siku hizi huwachagua viongozi wao kwa kura. Wawaniaji hunadi sera zao mbele ya wenzao, kura hupigwa kwa siri na matokeo hutangazwa gwarideni. Hata hivyo, swali lililo zito zaidi huja baada ya kura kuhesabiwa: je, baraza lililochaguliwa litafanya kazi gani?

Swali hilo linahusu uhai wa watoto. Mei 1999, viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri waliteketezwa na wanafunzi wenzao wakiwa wamelala katika chumba chao. Machi 2001, wavulana 67 waliangamia bwenini katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Septemba 2017, wasichana 10 walifariki kutokana na moto katika Shule ya Wasichana ya Moi, Nairobi.

Mkasa wa Nyeri una funzo mahsusi. Kiranja wa zamani aliteuliwa na walimu, akatengewa chumba chake, na kazi yake kuu ilikuwa kuwachunga wenzake na kuandika majina ya wakosaji. Machoni pa wanafunzi wengi, yeye alikuwa askari wa mwalimu mkuu. Amri zilishuka kupitia kwake, lakini malalamishi hayakuwa na njia ya kupanda.

Baada ya wimbi la migomo kukumba mamia ya shule mwaka wa 2008, Wizara ya Elimu, chama cha walimu wakuu wa shule za upili na shirika la UNICEF walianzisha mpango wa mabaraza ya wanafunzi mwaka wa 2009. Nia ilikuwa viongozi wachaguliwe na wanafunzi wenyewe na wapewe nafasi ya kuzungumza na usimamizi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ilikwenda mbali zaidi: inatambua mwakilishi wa baraza la wanafunzi katika bodi ya usimamizi wa shule, kwa wadhifa wake.

Sheria pekee haitoshi. Baraza hufaulu pale tu ambapo kila hoja inayopelekwa kwa usimamizi hurudi na jibu. Mwakilishi wa darasa hukusanya maoni ya wenzake, baraza huyajadili na kuyaandika katika kumbukumbu za mkutano, kisha mwalimu mlezi huyafikisha kwa mwalimu mkuu. Jibu linapaswa kusomwa mbele ya wanafunzi wote kabla ya wiki kwisha, hata likiwa ni la kukataa. Mwanafunzi aliyeelezwa sababu ya kukataliwa ombi lake huwa na subira kuliko yule aliyenyamaziwa.

Tuchukue mfano wa chakula, ambacho ni chanzo cha manung'uniko katika shule nyingi za bweni. Mwaka wa 2018, serikali iliweka mgao wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma kwa mwaka, lakini mara nyingi fedha za mgao huchelewa au hupunguzwa. Karo nayo hukwama, kwa kuwa wazazi wengi wa Trans Nzoia hungoja kuuza mahindi na wenzao wa Bungoma hutegemea malipo ya miwa. Mwalimu mkuu akilifungulia baraza hesabu hizo, wanafunzi wataelewa kwa nini nyama haikupikwa. Akizificha, watasema imeibwa.

Kazi ya pili ni usalama. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na wizara mwaka wa 2008 unataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na vitanda viachane kwa angalau mita 1.2. Kule Kyanguli, madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Maafisa wa elimu hawawezi kulala katika kila bweni, lakini wanafunzi hulala humo kila usiku. Baraza likiyakagua mabweni kila mwezi na kuandika lililokiuka mwongozo, bodi haitakuwa na kisingizio cha kutojua.

Faida za baraza hazikomei langoni. Miongoni mwa Wabukusu, ambao ni wengi Bungoma na pia Trans Nzoia, tohara hufanywa Agosti ya kila mwaka usio witiri. Wavulana huzunguka wakigonga njuga kuwaalika jamaa, na shule zikifunguliwa baadhi hurejea vidonda havijapona. Wengine hukejeliwa kwa kuwa walitahiriwa hospitalini. Baraza linaweza kukubaliana na wazazi kwamba matembezi hayo yasile siku za masomo, na kupiga marufuku kejeli hizo mabwenini.

Kadhalika, eneo hili linakumbuka mapigano ya mashamba ya Mlima Elgon ya kati ya 2006 na 2008, yaliyozifurusha familia nyingi hadi miji na vijiji vya kaunti zote mbili. Shule ni mahali pa nadra ambapo watoto wa jamii zilizozozana hula katika meza moja. Baraza lenye wawakilishi wa jamii zote, linalopanda miti kando ya Mto Nzoia au kuwafuatilia nyumbani watoto walioacha masomo kuendesha bodaboda, huwafunza vijana kushirikiana kabla hawajafikia umri wa kupiga kura ya taifa.

Baraza nalo lina mipaka yake. Kuadhibu si kazi yake, wala kuwapima walimu kwa chuki. Wawaniaji wasinunue kura kwa mikate na sukari, kwani atakayezoea kununua kura shuleni ataendelea nayo akiwania wadi. Walimu nao wasiwaengue wagombea kwa sababu tu wana ulimi mkali.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwalimu mkuu anayehofia kwamba baraza litampunguzia mamlaka na ajiulize ni lipi afadhali: kuyasikia malalamishi mezani mwake mchana, au kuyasoma kwa mwanga wa moto usiku wa manane.