Jina la kikundi chenu liko kweli kwenye seva?



Kikundi kimoja cha akina mama wanaosuka viondo kilitujia na wasiwasi mkubwa. Walikuwa wamemlipa fundi mmoja wa River Road awatengenezee tovuti, pesa za kuchanga miezi mitano. Siku moja mnunuzi akaandika jina lao kwenye simu, akaona magodoro! Mweka hazina akaanza kuulizwa pesa zilienda wapi.

Siku hiyo hatukuwa na jibu. Tulipanda nao matatu hadi River Road, tukaketi na huyo fundi mpaka tukaelewa.

Aliyewahi kuingia yale majengo anajua: mlango wa barabarani ni mmoja, lakini ndani kuna mshonaji, mpiga chapa, fundi wa redio, kila mtu na kibanda chake. Seva nayo ni hivyo hivyo. Ni kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, ina anwani moja ya namba, na inaweza kubeba tovuti za watu hata mia. Simu yako ikibisha hodi, inataja jina inalolitafuta, na seva inaangalia orodha yake. Jina likiwamo, inatoa kurasa za mwenyewe. Lisipokuwamo, mara nyingi inatoa tovuti iliyotangulia kwenye orodha (pengine baada ya simu kuonya kwamba si salama). Kumbe magodoro yalitokea hapo! Hakuna aliyeiba. Orodha iliandikwa upya, jina la akina mama likasahauliwa.

Basi, ukiambiwa "iko sawa, mama", usiondoke. Mwambie fundi aifungue hiyo orodha ukiona. Kama seva inatumia programu ya Apache, ataandika apachectl -S, na majina yote yatatokea pamoja na faili ambamo kila moja limeandikwa. Kama ni Nginx, ataandika nginx -T, kisha atafute mistari yenye server_name. Fundi aliyekodi nafasi tu kwa kampuni kwa kawaida hana ruhusa ya amri hizo. Yeye akuonyeshe ukurasa wa majina katika akaunti yake. Soma herufi kwa herufi. Jina lenye www mbele na lile lisilo nayo ni majina mawili, na yote yawepo. Ukiwa nje, kwa simu yako, huwezi kuiona orodha nzima. Unajaribu jina moja moja tu.

Lakini hapa ndipo vikundi vingi vinakosea. Jina kuwa kwenye seva si kulimiliki. Fundi anaweza kuandika jina lolote lile katika orodha yake. Umiliki uko katika daftari lingine kabisa, na kwa majina yanayoishia na .ke daftari hilo linatunzwa na KeNIC, iliyoanzishwa mwaka 2002. Usajili unapitia kwa mawakala wake, na lazima ulipiwe tena kabla ya muda kwisha. Hebu ulizeni: mwenye jina ameandikwa nani, na barua za kukumbusha malipo zinaenda kwa nani?

Akina mama wetu walipouliza, walikuta jina ni la fundi.

Kulirudisha kwenye orodha ya seva kulichukua dakika chache. Kulihamisha liwe la kikundi, tulirudi River Road mara tatu, na ile ya tatu mwenyekiti alibeba cheti cha usajili na muhuri.