Gunia la mchicha na spoki za baiskeli zilivyonivusha Kimisagara

Na Mwandishi Wetu, Kigali

UKITOKA kituo cha mabasi cha Nyabugogo ukakata kuelekea mlimani, utaupita Mpazi, ule mfereji mkubwa wa maji ya mvua, kisha utaanza kupanda. Huko ndiko Kimisagara. Nyumba zimebanana ubavuni mwa mlima kama abiria wa daladala la asubuhi, na mtu akikuambia kwamba hapo kuna mahali pa kulima mboga utadhani anakutania.

Nami nilidhani hivyo. Tulifika hapa mwishoni mwa mwaka 2013, mimi, mama na binti yangu aliyekuwa bado ananyonya. Mimi ni mzaliwa wa Karagwe, mkoani Kagera. Babu na bibi walivuka Mto Akagera mwaka 1959 mama akiwa mgongoni, na mama naye akaja kuuvuka kurudi akiwa mtu mzima mwenye mvi, mwaka ule ambao maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda waliondoka Kagera. Tuliacha migomba, kahawa na mbuzi saba. Tukapitia Rusumo, tukakaa kambi ya muda ya Kiyanzi wilayani Kirehe, hadi shangazi alipotufuata na kutuleta kwake Kimisagara.

Mama alikuja na sufuria mbili na fundo kwenye pindo la khanga. Ndani ya fundo mlikuwa na mbegu za mchicha, za mgagani na za maboga. Khanga ile ikawekwa juu ya kabati. Kila mvua zilipoanza nilimwambia tupande hata kando ya ukuta, na jibu lake lilikuwa lile lile: "Mwanangu, mimi sipandi tena kwenye ardhi ya mtu."

Sikumsukuma, maana sikuwa na njaa. Nilikuwa mchuuzi wa mpakani kama ninyi wengi mnaosoma ukurasa huu. Nilikwenda Kampala kupitia Gatuna, nikinunua Kikuubo nguo za watoto na mitandio, na Ijumaa nimesharudi Nyabugogo. Mwishoni mwa Februari 2019 njia ikafungwa. Aliyekuwa kwenye njia hiyo hahitaji kusimuliwa. Mimi nilikuwa na mzigo niliolipia nusu upande wa pili na deni la kikundi chetu cha kukopeshana upande huu. Tulisema ni wiki mbili, tukasema ni mwezi. Gatuna ilikuja kufunguliwa tarehe 31 Januari 2022.

Kwanza niligeukia kufuma. Kufuma nilijifunza nikiwa darasa la nne kule Karagwe, kwa spoki za baiskeli. Unakata spoki mbili urefu sawa, unazisugua ncha kwenye jiwe mpaka zisichome kidole, na upande wa nyuma unachomeka kipande cha kandambili ili vitanzi visichopoke. Mpaka leo ninazo sindano za dukani, lakini kofia ya mtoto mchanga siifumi kwa kingine ila spoki. Ni nyembamba, na vitanzi vinakaa karibu karibu.

Tatizo lilikuwa uzi. Uzi mpya wa dukani ukiununua kwa bei ya rejareja, sweta linakuwa limekula faida kabla halijavaliwa. Hapo ndipo nilipoikumbuka caguwa, yaani mitumba. Sweta kuukuu la mtu mzima lililotoboka kiwiko hakuna anayelitaka, lakini uzi wake ni mzima. Siku hizi hata hilo si la bure kama zamani, kwa kuwa mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi dola 2.50. Hata hivyo lile lililotoboka bado huwa chini ya rundo, na muuzaji akikuona umelishika anakuhurumia.

Wapo watakaotaka kujaribu, basi niseme ninavyochagua. Geuza sweta nje ndani utazame mishono ya ubavuni. Kama kila kipande kilifumwa peke yake kisha vikaunganishwa, utaona kingo safi kama mnyororo, hilo nunua. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kingo zikafungwa kwa cherehani, liache, kwa sababu ukilifumua utapata vipande vya uzi vya mkono mmoja mmoja, basi. Kisha chomoa uzi kidogo uuchome moto. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu. Uzi wa kiwandani huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Yote miwili hufumika, ila usimdanganye mnunuzi.

Ukishafumua, uzi huwa umejikunja kama tambi. Uzungushe kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa, ufunge mafungu, uoshe kwa maji ya uvuguvugu, uuanike kivulini ukiuning'inizia chupa ya maji chini ili uzito uunyooshe. Sweta moja la mwanamume mnene hunipa sweta la mtoto wa miaka minne na kofia juu.

Nilianza kwa masweta ya shule na nikashindwa. Mjini Kigali kuna mafundi wenye mashine za kufumia, wengi wao wanaume, na fundi mmoja anamaliza kwa siku kazi ambayo kwangu ni ya wiki. Kushindana naye kwa bei ni kujitafutia maradhi. Nikaona penye pengo: viwiko. Sweta la shule hutoboka kiwiko na kufumuka mkononi lingali zima kifuani, na mzazi hana haja ya kununua jipya. Nafumua mkono tu, naurudia. Tena kofia na soksi za watoto wachanga, kwa sababu hapa kwetu mtoto mchanga hatolewi nje kichwa wazi hata jua likiwa la kuanika mihogo. Na baada ya mpaka kufunguliwa nikapata wateja ambao sikuwawazia, wachuuzi wenzangu. Anayepita Kabale alfajiri anajua baridi ya pale. Shali nene ya kujifunika kwenye basi inauzika Nyabugogo usiku kuliko mchana.

Lakini natangulia mno. Tarehe 21 Machi 2020 nchi ikafungwa kwa sababu ya korona. Agosti mwaka huo soko la Nyabugogo, lile tuliloliita Kwa Mutangana, nalo likafungwa, na ndiko tulikonunua mboga za bei nafuu. Jioni moja nilipika ugali na chumvi. Binti yangu, miaka saba, akauliza mboga iko wapi. Mama hakusema neno. Asubuhi nilimkuta ameishusha khanga, amefungua fundo, mbegu zimetandazwa kwenye sinia naye anazipuliza vumbi.

"Ardhi ya mtu sipandi," akasema. "Nitafutie gunia."

Bustani ya gunia wengi mmeiona makambini. Gunia la kilo 100 linajazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Sisi tulipata ya sungura kwa jirani. Katikati unasimamisha bomba au kopo lililotolewa matako, unalijaza kokoto, unamwaga udongo pembeni, unalivuta juu kopo, unalijaza tena, mpaka kokoto zisimame kama nguzo ndani ya gunia toka chini hadi juu. Humo ndimo unamopitisha maji, yakafika kila upande. Bila kokoto, maji yote hubaki juu na miche ya chini inakauka ukiangalia. Halafu unatoboa matundu ubavuni na kupandikiza. Gunia moja hukaa penye nafasi ya ndoo mbili.

Mbegu za maboga zilikuwa zimekufa. Mgagani, ambao hapa ni isogi, ukaota michache. Mchicha uliota kama haukujua kwamba miaka imepita. Baada ya wiki nne tulichuma.

Hapo ndipo nilipoanza kuwajua majirani zangu. Wanyarwanda waliobaki na waliotoka Uganda wakipita wanasema, "Dodo zenu nzuri." Mama mmoja wa Bukavu anaita lengalenga, na waliotoka Burundi vilevile. Sisi wa Tanzania tunang'ang'ania mchicha. Mboga ni ile ile, lakini ukitaka kujua mtu alikulia wapi, mwonyeshe jani umuulize jina. Mama alipochuma matembele, majani ya viazi vitamu, dada mmoja wa nyumba ya juu aliuliza kwa upole kama tunafuga sungura. Tulimpelekea bakuli yakiwa yameungwa kwa karanga, na tangu hapo huja na bakuli lake mwenyewe.

Serikali nayo imehimiza kwa miaka mingi kila nyumba iwe na akarima k'igikoni, bustani ya jikoni, kwa ajili ya lishe ya watoto. Haja ipo. Katika utafiti wa afya wa 2014 na 2015, watoto 38 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na katika ule wa 2019 na 2020 walikuwa 33. Ilipungua, ila wakati huo bado alikuwa mmoja katika kila watatu.

Sasa mwaka wetu una mpangilio wake. Umuhindo, mvua za kuanzia Septemba hadi Desemba, ndio wa kupanda karibu kila kitu. Urugaryi, jua fupi la Januari na Februari, tunavuna karoti na kuandaa miche. Itumba, mvua kubwa za Machi hadi Mei, usithubutu kupanda nyanya. Ukungu hukausha majani kwa siku tatu, na nimelipia somo hilo mara mbili. Msimu huo ni wa sukuma wiki, dodo na isogi, na mimi hukaa kibarazani na sindano kwa sababu hakuna pa kwenda. Mvua ikizidi usiku hakuna kufuma wala kulala. Tunasikiliza mlima. Aprili moja ukuta wa mawe nyuma ya nyumba uliporomoka ukafunika magunia mawili. Tukashukuru kwamba ni magunia.

Impeshyi, kiangazi cha Juni hadi Agosti, ndiyo miezi migumu. Bomba hutoa maji kwa zamu, jerikeni moja unaipigia hesabu. Maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi, yanakwenda kwenye kokoto. Yenye sabuni tunayaweka kando kwa ajili ya vidukari, tukiyachanganya na pilipili iliyopondwa. Nyanya ndipo zinapokubali. Na kwa kejeli ya mambo, hiyo ndiyo miezi ya masweta, kwa sababu siku hizi mwaka wa shule huanza Septemba, na wazazi hukumbuka viwiko Agosti. Kwa hiyo jua kali, vumbi jekundu mlangoni, nami nina sufu mapajani.

Mpaka ulipofunguliwa nilirudi Kampala mara mbili. Deni nimelimaliza, ila sikurudia ile safari ya kila wiki. Nakwenda nikiwa na shali za kuuza na narudi na uzi. Mama aliniomba niende pia Karagwe nimletee marando ya matembele ya kule, anasema haya ya hapa ni magumu. Nilimweleza kwamba miche haipitishwi mpakani bila cheti cha afya ya mimea. Akanitazama kama mtu aliyewahi kuvuka mto huo mara mbili bila cheti chochote.

Mwaka juzi mwenye nyumba aliuza. Tulipewa mwezi mmoja. Nililia, nakiri, na nikamwona mama yuko uani anamwagilia kana kwamba hakusikia. Siku ya kuhama tulikodi mkokoteni na vijana wanne. Magodoro yalikwenda mkondo wa pili. Mkondo wa kwanza ulikuwa magunia tisa, mchicha ukiyumba juu yake, ukipita katikati ya Kimisagara, na watu wakitoka milangoni kutazama.

Nyumba tuliyohamia iko juu kidogo, ina uwanja wa hatua kumi. Tumeandikishiana na mwenye nyumba miaka mitatu. Magunia tumeyapanga ukutani kama mwanzo.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka Nyabugogo nikamkuta mama amepiga magoti pembeni ya uwanja na jembe la shangazi. Amechimba shimo chini, ardhini, nje ya gunia. Ndani yake kuna mche wa kinyomoro, yale matunda ambayo Tanzania tuliyaita matunda damu. Nilimkumbusha kwamba mti huo hauzai kabla ya mwaka na zaidi.

"Najua," akasema. "Niletee maji."